Pointi Kumi za Unyevu

Dirisha la tatu, ghorofa ya chini,
ofisi ya makazi, mji wa Nelson, Lancashire.
Mashine ya namba inakohoa kando ya mlango.
Nilikuja nchi hii kusomea takwimu, nazo zikaniganda:
familia elfu moja na mia nne,
nyumba tupu thelathini na moja.
Gawanya upendavyo. Kinachobaki ni hasira.

Zamani orodha ililala ndani ya droo.
Aliyeshika ufunguo hakuwa mwizi, nampa haki yake;
alikuwa mtu wa kutosema.
Na pasiposemwa kitu, kila mtu hujisemea.
Ng'ambo hii ya mfereji walisema: wale wanapewa zote.
Ng'ambo ile walisema: wale wanapewa zote.
Sentensi moja, ikivuka daraja kwenda na kurudi
bila kubadilishwa hata herufi.

Kisha bwawa la kuogelea likafungwa, kubana matumizi.
Kisha basi la saa mbili usiku likafutwa,
lile ambalo vijana wa mitaa yote miwili
walilipanda wakitukanana vizuri, kama watu wanaojuana.
Mwezi wa Juni pipa la taka likawaka moto,
dirisha la kinyozi likapigwa tofali.
Tofali la kiwanda cha pamba kilichobomolewa:
babu wa mrushaji alifuma humo,
na babu wa kinyozi pia, zamu ya usiku.

Doreen ndiye aliyeitoa orodha kwenye droo.
Si kwa hotuba. Kwa pini nne.
Akaibandika ukutani, akapeleka nakala maktaba,
kanisani, msikitini, kwa muuza samaki na chipsi.
Hakuna majina, namba tu, na sababu:
mtoto mwenye pumu, kumi na tano.
Magoti yaliyokataa ngazi, nane.
Unyevu ukutani, kumi.

Wilf Ormerod alikuja kugomba.
Miaka themanini na moja, kofia mkononi,
lenzi ya kusomea gazeti mfukoni.
Akashuka na kidole hadi 212, aliyemtangulia.
"Huyu kapewa kumi za nini?"
Unyevu, nikamwambia.
Akanyamaza. "Hata mimi ninao."
Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba unahesabiwa.

212 alikuwa nyuma yake kwenye foleni.
Shaista Kauser, mtoto begani, akatoa simu,
akamwonyesha ukuta ulio nyuma ya kitanda cha mwanawe.
Mzee akasogeza lenzi.
"Huo? Huo si kitu. Njoo uone wangu."
"Wako una rangi gani?"
"Mweusi. Kwenye pembe, wa kijani."
Wakabishana robo saa, ukungu wa nani mbaya zaidi,
nami nikaacha namba zinazofuata zingoje.
Kwetu ni neno moja, ukungu,
uliotanda juu ya kilima cha Pendle na ulioota ukutani.
Hapa wana maneno mawili.
Mapafu ya mtoto yanajua moja tu.

Sasa miji mingine ya bondeni imeiomba fomu yetu.
Basi limerudi, Ijumaa na Jumamosi.
Bwawa halijarudi.
Na juzi ikaja barua kutoka kaunti, ina kisanduku:
Taja idadi ya vurugu zilizozuiwa.

Mimi mtu wa takwimu.
Nilikaa na kalamu hadi chai ikapoa.
Utalihesabuje dirisha lililoamka zima,
au kijana aliyekwenda zake kulala?

Saa ya chakula nikaenda kule kwenye kiwanda
kuhesabu matofali.
Lundo ni lilelile, nyasi zimeanza kulipanda.
Yamepungua manane.
Ormerod aliyabeba kwa toroli, nilimwona mwenyewe.
Manne ni ya miguu ya kitanda chake,
kisiguse sakafu, akingoja zamu.
Manne mengine sikumwuliza.
Toroli lilielekea darajani.